Bei na Thamani: Mfano wa Gari Dogo

Je, yafaa mtu kutoa fedha nyingi kwa gari dogo, ilhali kwa fedha hizo hizo angeweza kupata kubwa zaidi? Swali hili hudhaniwa kuwa la wafanyabiashara. Kwa hakika ni swali la maadili, na sisi walimu wa lugha tunalo la kusema.

Kiswahili hutofautisha bei na thamani. Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu, na huko asili ya bei ni uuzaji, na thamani ndiyo bei yenyewe. Wenye Kiswahili wakayatenga: bei ikawa ya sokoni, thamani ikawa ya kitu chenyewe, hata ya mtu. Mtu ana thamani, hana bei.

Na tulitazame gari liitwalo Mini. Mgogoro wa Mfereji wa Suez wa mwaka 1956 uliifanya petroli iwe adimu Uingereza, na Alec Issigonis akapewa kazi ya kubuni gari dogo lisilokula mafuta mengi. Lilitoka mwaka 1959. Injini aliilaza kwa upana wa gari, giaboksi ikawa chini yake. Hivyo watu wanne wakaenea katika gari lenye urefu wa mita 3 na kidogo, kwa bei isiyofika pauni 500. Hapo thamani iliipita bei. Tangu mwaka 2001 kampuni ya BMW huuza Mini mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, na ghali kuliko magari mengi ya ukubwa wake. Udogo uliokuwa dawa ya uhaba umekuwa pambo.

Je, pambo ni ubadhirifu? Tusiharakishe hukumu. Mlango wa nakshi wa Unguja haufungi nyumba kuliko mlango mtupu, wala hatumwiti mwenyewe mpumbavu. Uzuri nao ni haja ya binadamu. Lakini mlango ule huwafaa wajukuu, na gari huanza kushuka bei tangu siku linaponunuliwa.

Basi, twaona hivi: ziada ya bei ikilipia breki imara, mashine ya kudumu na usalama wa abiria, gari hilo si ghali. Ikilipia uzuri, ni halali kwa aliyekwisha kutimiza haki za wanaomtegemea. Ikilipia macho ya majirani tu, mnunuzi ametoa bei asipate thamani. Maana macho hayo kesho yatageukia gari jingine.