Nyumba ya Mjerumani, Keja ya Mathee

Mathee alihamia Pipeline kutoka Kakamega kabla sijazaliwa. Tangu hapo tumehama ploti nne. Hakuna hata moja iliyobaki na alama yetu, labda msumari niliopigilia ukutani ili nitundike begi la shule. Ndiyo maana nilipofika Rabai, kule vilimani nyuma ya Mombasa, nilishikwa na hasira kidogo.

Pale Rabai nyumba za wahamiaji wawili wa Kijerumani bado zimesimama. Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844, na miezi michache baadaye akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka wa 1846 akaanzisha misheni Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Krapf aliugua akarudi kwao. Rebmann alikaa miaka 29, akaondoka 1875 akiwa kipofu. Kanisa lao la zamani sasa ni makumbusho.

Enzi zile niko chuo, kabla karo haijanishinda, ningesema vibomolewe vyote. Hawa si ndio walikuja kutuambia miungu ya babu zetu ni ushetani? Na msitu wa kaya uko hapo hapo karibu! Lakini hebu fikiria: ukibomoa nyumba ya Rebmann, mathee anarudishiwa ukuta gani?

Kilichonisumbua zaidi ni kamusi. Krapf aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili, ikachapishwa London 1882, yeye akiwa ameshafariki. Jina kwenye jalada ni lake. Sasa, maneno yalitoka wapi? Yalitoka vinywani mwa watu. Kadhi wa Mombasa alimsaidia kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Wazee wa Rabai walimkubalia akae kwao. Mgeni hajengi peke yake, lazima kuwe na mtu wa kumpokea, kumsahihisha matamshi, pengine hata kumcheka. (Pipeline hakuna anayekupokea. Unalipa depositi, unaonyeshwa mlango.) Kwa hiyo mimi nasema nyumba ile itunzwe, ila isiitwe ya Wajerumani peke yao. Nusu ya urithi wa mhamiaji ni ya mwenyeji wake, na nusu hiyo ndiyo hupotea kwanza kwa sababu yeye hakuwa na karatasi.

Huku kwetu hata majengo ya matajiri hayadumu. Taj Mall ilibomolewa 2018, lakini mpaka leo ukipanda mathree unamwambia makanga akushushe Taj. Kilichobaki ni neno, tena linatunzwa na abiria.

Basi nimenunua kitabu cha mazoezi. Jioni mathee akimenya viazi namwuliza: ploti ya kwanza ilikuwa wapi, nani alikukopesha jiko, nani alinibeba ukiwa kazini? Mwanzoni alidhani nimekosa la kufanya, na hakukosea sana. Jana akanikatiza.

"Landilodi mwache. Andika yule mama wa maji. Mwaka ule wa shida alitukopesha mitungi miezi mitatu, hakuwahi kunifokea."

Nikashika kalamu. "Aliitwa nani?"

Kisu kikasimama kwenye kiazi. Akafikiria muda mrefu sana.

"Tulimwita tu Mama Maji."