Tarakimu Moja Kwenye Anwani

Ndugu yangu unayetengeneza mifumo hapa Njombe au kule Makambako, iwe ya ripoti za wanafunzi au ya malipo ya wakulima wa parachichi, naomba tujifunze kwa yaliyowapata wenzetu.

First American ni kampuni ya Marekani inayoshughulikia hati za nyumba. Ilikuwa ikiwatumia wateja kiungo. Mteja akikibonyeza, skripti kwenye seva inachukua hati na kuileta kwenye kivinjari chake. Ndani ya anwani palikuwa na namba ya hati. Ukibadili tarakimu moja, unaletewa hati ya mtu mwingine: akaunti ya benki, taarifa za kodi, picha ya leseni ya udereva. Seva haikuuliza nywila. Mei 2019 mwandishi Brian Krebs aliripoti kwamba mafaili yapatayo milioni 885 yalikuwa wazi, mengine ya tangu 2003.

Kinachoniumiza ni kwamba dalili zilishaonekana. Desemba 2018 wapimaji wa usalama wa kampuni yenyewe walilikuta kosa hilo. Likaandikwa kimakosa kuwa la hatari ndogo, likaachwa kwa miezi. Kisha mtu wa nje akaligundua, akawaarifu, asijibiwe. Ndipo akampelekea Krebs taarifa hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mwaka 2021 kampuni ilitozwa faini ya dola 487,616.

Tusiwanyooshee kidole. Nami nimeandika skripti ya namna hiyo, nikaijaribu kwa faili langu, lilipopakuliwa nikafunga kompyuta nikiamini nimemaliza. Nilikuwa nimejaribu mwenye haki tu. Asiye na haki sikumjaribu.

Basi, kabla skripti haijatoa faili, iulize anayeomba ni nani, na kama faili hilo ni lake. Usilipokee jina la faili kutoka kwenye anwani bila kulikagua, maana kwa nukta mbili na mkwaju (../) mtu anaweza kupanda hadi kwenye folda zako za siri. Mafaili ya watu yaweke nje ya folda inayofikiwa moja kwa moja na intaneti. Na mtu akikuletea taarifa ya kosa, msikilize siku hiyohiyo.

Tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, nasi inatuhusu. Leo kabla hujalala, ingia kwenye mfumo wako kama mzazi mmoja, ubadili tarakimu moja. Ikifunguka ripoti ya mtoto wa jirani, usingoje kesho.