Haki ya Mama Baada ya Kufa Kwake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyeumba mauti na uhai. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa yatima wa baba na akafiwa na mama angali mtoto wa miaka sita, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu imefiwa. Marehemu alikuwa mama wa baadhi yetu na bibi wa wengine wetu, wala hapana hata mmoja katika sisi asiyewahi kula kwa mkono wake. Hatutaji jina lake, kwani mwenyewe hakupenda kutajwa, wala hatukukusudia kuandika tanzia. Tumekusudia kueleza yaliyotupata siku chache baada ya kumzika, ili aliye na mama azinduke mapema, na aliyefiwa alijue linalompasa.

Marehemu alifiwa na mumewe watoto wangali wadogo. Akawalea kwa mahamri na mbaazi. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri akaukanda unga, akasali, na jua likichomoza sinia ya kwanza imekwisha kutoka. Kusoma na kuandika hakujua, kwani alikulia zama ambazo watu wengi waliona kalamu si kitu cha mwanamke. Lakini watoto wake na wajukuu wake, wa kiume na wa kike, wote aliwapeleka chuoni na skuli. Jirani mmoja alipomwambia kwamba msichana yamtosha jiko, alimjibu kuwa yeye amelijua jiko maisha yake yote, na hiyo ndiyo sababu ataka mjukuu wake ajue na kalamu. Jioni alituketisha karibu naye tudurusu, naye yuachagua mbaazi kwenye ungo. Mtu akiruka aya alimsimamisha, maana alikwisha kuzisikia sura zile kwa wanawe, kisha kwa wajukuu, hata sikio lake likawa ndilo msahafu wake.

Alipofariki tulimwosha, tukamkafini, tukamsalia, tukamzika siku ile ile. Majirani walituletea chakula siku tatu, Mungu awalipe. Hadi hapo tulikuwa katika mwendo mwema. Lakini siku ya nne tukaanza kuulizana juu ya arubaini. Mmoja akataja mbuzi wawili, mwingine akasema wawili ni aibu kwa mama kama yule. Ukahesabiwa mchele, yakahesabiwa maturubali na viti, na fedha zilipopungua pakaonekana pa kukopa. Tukaona pia kuta za nyumba zimechafuka kwa moshi, wala haifai wageni kuziona vile, basi ikanunuliwa chokaa.

Twakiri mbele yenu, ndugu zetu, kwamba katika mashauri yale yote hapana aliyeuliza iwapo mama ameacha deni. Sisi ambao tumekaa miaka tukisomeshana mambo ya haki na batili, tuliulizana bei ya mbuzi kabla ya kuulizana hali ya maiti wetu.

Aliyekuwa akipaka chokaa alipofika nyuma ya mlango wa jikoni alikuta ukuta umejaa alama za makaa. Alikwisha kuchovya brashi, ndipo mjukuu wa kike wa marehemu akapiga ukelele akamzuia mkono. Akasema, "Usifute! Huo si uchafu, ni hesabu ya bibi." Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa dukani. Akatueleza kuwa mstari mmoja ni kilo moja ya unga iliyochukuliwa kwa deni, na duara ni kilo ya sukari. Likilipwa, bibi huikata alama yake. Tukahesabu zisizokatwa, zikawa 31.

Tukamwendea mwenye duka. Alikuwamo katika waliolibeba jeneza, wala hakutuambia neno. Akafungua daftari lake, akakuta 27. Mama asiyejua kuandika alijiandikia deni kubwa kuliko alilomwandikia mdai wake! Mwenye duka akasema zile nne amesamehe, nasi tukamshukuru, lakini tukamlipa zote 31, kwani hesabu ya marehemu ndiyo tuliyoisadiki. Fedha zile zilikuwa ndizo zilizokusanywa kwa mbuzi wa kwanza.

Ndugu zetu, lau brashi ile ingetangulia kidogo tu, deni la mama yetu lingefutwa ukutani na kubaki shingoni mwake, na sisi tungalikaa juu ya majamvi tukila pilau na kusema tumemkumbuka.

Na jambo la deni si dogo. Katika Suratun Nisaa, Mwenyezi Mungu alipogawa mirathi, alirudia tena na tena kwamba mafungu hayo ni baada ya wasia na deni. Wanavyuoni wakapanga kwamba mali ya maiti kwanza humtengeneza na kumzika, kisha hulipa madeni, kisha hutimiza wasia usiozidi thuluthi, na kinachobakia ndicho cha warithi. Karamu haimo katika mpango huo. Na Imam Bukhari amepokea ya kwamba iliwahi kuletwa jeneza ya mtu aliyekufa na deni la dinari tatu, wala hakuacha kitu cha kulilipia. Mtume (S.A.W.) akawaambia masahaba wamsalie mwenzao, yeye mwenyewe akajizuia, mpaka Abu Qatada alipojitwisha deni lile. Ikiwa dinari tatu zilimzuia Mtume kusali, je, sisi tutazifunika kwa sahani ya wali?

Huenda mtu akasema kwamba kulisha watu ni sadaka, na sadaka humfikia maiti. Hilo la pili ni kweli, wala hatulikanushi. Saad bin Ubada alifiwa na mamaye hali ya kuwa hayuko, akamwuliza Mtume kama sadaka itamfaa, akajibiwa kuwa yamfaa, basi akatoa shamba lake kwa ajili ya mamaye. Lakini Saad alitoa chake, hakukopa. Hakungoja siku maalumu, wala hakuogopa maneno ya watu. Na Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra (629), Mtume aliamrisha jamaa wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Waliofiwa ndio waliopikiwa. Sisi tumeligeuza jambo, wenye msiba ndio wapishi. Sahaba Jarir bin Abdullah amesema kwamba wao walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa watu wa maiti na kupika chakula baada ya maziko kuwa ni katika kuomboleza kulikokatazwa. Na Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, amenakili katika Majmuu kuwa jambo hilo ni bidaa isiyopendeza.

Je, twamkumbukaje basi mama tuliyempenda? Tumtazame Mtume wetu alivyomkumbuka Bibi Khadija (R.A.), mama wa binti zake wanne, Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima, na bibi wa Hasan na Husayn. Alifariki Makka yapata miaka mitatu kabla ya Hijra (619), akazikwa Hajun. Mtume hakumsahau maisha yake yote. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume akimtaja sana, na huenda akachinja mbuzi, akamkata vipande na kuwapelekea marafiki wa Khadija. Na siku moja Hala, nduguye Khadija, alipobisha hodi Madina, Mtume aliikumbuka sauti ya Khadija katika hodi ile, moyo ukamtaharuki. Na baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra (624), Zaynab alipeleka mkufu ili kumkomboa mumewe aliyetekwa. Mkufu huo ulikuwa wa Khadija, aliompa bintiye alipoolewa. Mtume alipouona alilainika mno, akawaomba masahaba, wakikubali, wamwachilie mateka na kumrudishia Zaynab mkufu wake, nao wakakubali.

Tazameni, ndugu zetu. Mbuzi alikuwako, lakini nyama ilikwenda majumbani kwa waliompenda marehemu, wala hapakuwekwa siku, wala hapakuitwa watu. Mkufu ulirudi kwa mwenyewe. Nduguye marehemu alipokewa kwa furaha. Huko ndiko kukumbuka. Kunawaendea watu wa marehemu, wala hakuwangoji waje kwetu kutuona.

Kwa hiyo tumeafikiana mambo haya katika darsa yetu, nasi twawausia nanyi. Afapo mzazi, deni liulizwe kabla ya kaburi kukauka. Nadhiri yake na ahadi yake zitimizwe. Mirathi igawiwe upesi kwa sharia, na binti apewe fungu lake mkononi bila kuambiwa amwachie kaka. Wajukuu mayatima wasiorithi wapewe chochote pale mali igawiwapo, kama ilivyoagizwa katika sura hiyo hiyo ya Nisaa. Rafiki zake waliobaki wazuriwe, hasa vikongwe ambao hapana tena wa kuwabishia hodi. Na dua isikatike, kwani mtoto mwema mwenye kumwombea mzazi ni katika matatu yasiyokatika mtu akifa.

Nawe uliye na mama au bibi, usingoje. Qurani imekumbusha kwamba kuchukuliwa kwetu mimba na kuachishwa ziwa ni miezi thelathini ya tabu yake. Mwulize leo, kwa adabu na kwa upole, nani amdai na nani adaiwa naye, uandike. Mkono wako ndio kalamu aliyoinunua kwa mahamri.

Ukuta wa jikoni tumeupaka chokaa, kwa kuwa alama zote zilikwisha kukatwa. Aliyezikata, moja baada ya moja, ni yule mjukuu.

Ewe Mola wetu, mrehemu mama yetu na bibi yetu kama alivyotulea tulipokuwa wadogo. Mpanulie kaburi lake, uyakubali mema yake, uyasamehe makosa yake na yetu. Wasamehe mama wa Kiislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.