Saini Tano

Mwanafunzi wa utabibu, awe wa chuo gani, hutembea na kitabu cha mazoezi ya wodini. Ndani yake kuna orodha ya kazi za mikono: kushona jeraha, kuweka branula, kuzalisha, kupima sukari, kuchoma sindano ya malaria kali. Mbele ya kila kazi unaonyesha kama uliona, ulisaidia au ulifanya mwenyewe, na aliyekusimamia anaweka saini. Mkufunzi mzoefu hahitaji upelelezi kukijua kitabu cha uongo. Cha kweli huchakaa. Kina wino wa rangi tatu nne, doa la iodini, kurasa zilizolowa mvua, na saini nyingine zimekaa upande kwa sababu aliyesaini alikuwa amesimama na mikono imejaa kazi. Cha uongo huwa kisafi, kimeandikwa kwa kalamu moja, kwa mwandiko wa mtu aliyejilaza kitandani.

Kijana wa kisa hiki alikuwa na kitabu kisafi. Simtaji jina wala chuo, na msihangaike kumtafuta, maana nimemuunga kwa vipande vya vijana wengi. Msomaji wa Kibaha atamfananisha na mpangaji mwenzake, wa Kisarawe atamfananisha na mtoto wa jirani, na wote wawili watakuwa sahihi.

Tuseme kwao ni upande wa Maneromango, kwenye mihogo na mikorosho. Alisoma sekondari miaka ile ambayo Kisarawe nzima iliimba Tokomeza Zero, kampeni iliyoanzishwa na Jokate Mwegelo, aliyeteuliwa kuwa mkuu wa wilaya hiyo mwaka 2018. Wadau walichangishwa, walimu wakabanwa, watoto wakasukumwa kwenye vitabu. Sina ugomvi na kampeni ile. Wilaya inayopakana na Dar es Salaam huku shule zake zikifelisha ilihitaji mtu wa kupiga kelele. Ila mtoto akiambiwa miaka yote kwamba adui ni ziro, anaweza kutoka shuleni akiamini kwamba chochote kisichokuwa ziro ni ushindi. Kijana wetu aliamini hivyo. Alipata alama za kutosha za Kemia, Baiolojia na Fizikia, akachaguliwa kozi ya miaka 3 ya stashahada ya utabibu, Kibaha.

Kwenye ramani Kibaha na Kisarawe zimepakana. Kwa daladala ni habari nyingine: unashuka mlima wa Kisarawe, unapita Pugu na Gongo la Mboto, unaingia mjini, kisha unatoka tena kwa Barabara ya Morogoro kupitia Mbezi. Safari hiyo ilitosha kumfanya aonekane nyumbani kama mtu aliyekwenda mbali. Wiki aliyoripoti chuoni, mama yake alianza kuitwa Mama Dokta. Shangazi akapiga simu kuuliza kama vidonge vya presha vinamezwa kabla au baada ya kula. Likizo ya kwanza, wakati ameshasoma mifupa na namna ya kunawa mikono tu, alikuta watu watatu wanamsubiri barazani.

Hakumwambia hata mmoja kwamba hajui. Angesemaje, na jina tayari amepewa? Alijibu kwa sauti nzito, akaongeza neno la Kilatini, watu wakaondoka wameridhika. Hapo ndipo ninapoona kosa lilipoanzia, kabla ya kitabu, kabla ya fedha, kabla ya yote yaliyofuata. Miaka mitatu ya chuo ndiyo miaka pekee ambayo tabibu anaweza kusema "sijui" bila mtu kuumia. Ukisema wodini, unaelekezwa. Ukinyamaza ukaenda nalo hadi zahanati ya kijiji, anayelipa ni mgonjwa. Yeye muda huo aliutumia kujifanya anajua.

Mambo ya fedha nitayapitia haraka kwa sababu yanafahamika. Alipanga geto na wenzake watatu Picha ya Ndege: magodoro mawili chini, jiko la gesi, ndoo ya maji mlangoni. Jioni walisuka mikeka ya mechi za Ulaya. Mkeka ulichanika kwa mechi moja, wakasuka mwingine. Fedha ya kodi ilipokwenda na maji, alikopa kwenye aplikesheni za simu, zile ambazo ukichelewa kidogo zinawatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yako kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Kwake tangazo lilikuja shangazi wa presha ameshapata ujumbe wake. Ili alipe, akaanza kupiga deiwaka ya bodaboda Maili Moja, usiku hadi alfajiri. Mtu aliyekesha juu ya pikipiki usiku kucha haendi wodini saa moja na nusu asubuhi. Analala.

Mitihani ya kuandika haikumsumbua. Kulikuwa na desa. Kila somo lilikuwa na muhtasari wake uliorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, umepigwa picha, umetumwa WhatsApp, umepigwa picha tena. Alikariri, akafaulu, mara moja tu akasapu. Kitabu cha mazoezi ndicho kilichobaki na nafasi tupu. Mwenzake mmoja wa geto alikuwa na kipaji cha kuiga saini. Jumapili moja mchana wote wanne walijaziana.

Kibaha ni mahali pabaya pa kufanya uongo wa namna hiyo. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha hapo mradi ambao ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Maadui waliotajwa walikuwa watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na ndiyo maana eneo moja liliwekewa shule, huduma ya afya na mafunzo ya wakulima. Huwa naufikiria ule mpangilio nikipita njia ya Tumbi. Mkulima aliyefundishwa kupanda hawezi kudesa: msimu ukifika, mahindi yameota au hayakuota. Na kwenye Hospitali ya Tumbi, inayojulikana nchi nzima kwa kupokea majeruhi wa ajali za Barabara ya Morogoro, jeraha ama limeshonwa au bado linatoka damu. Kijana alipita kando ya yote hayo kwa bodaboda, mara nyingi, akiwa amebeba abiria.

Mwaka wa tatu alipangiwa fildi kwenye kituo cha afya kimoja huko huko Kisarawe. Alifurahi. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Alivaa koti jeupe, akawasalimia wazee wa kijijini kwao waliokuja na vikohozi, akaandika kwenye mafaili kwa mwandiko mzuri.

Kisha ikaletwa jioni moja kesi ya mtoto wa kike, kilo 12, aliyepata degedege nyumbani. Mama yake alikuwa amembeba kwa kanga iliyolowa jasho, hasemi, anapumua tu. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria. Zamu ilikuwa ya sista mmoja mtu mzima, karibu kustaafu.

"Dokta, tengeneza artesunate, mimi natafuta mshipa," alisema, macho yakiwa kwenye mkono wa mtoto.

Dawa hiyo huja kama unga kwenye kichupa cha miligramu 60. Kwanza unauyeyusha kwa mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo na kutikisa mpaka iwe angavu. Ikibaki na ukungu unaitupa. Baada ya hapo njia zinagawanyika. Ukitaka kuchoma kwenye mshipa unaongeza mililita 5 za salaini, na kila mililita inakuwa na miligramu 10. Ukitaka kuchoma kwenye msuli unaongeza 2 tu, na kila mililita inakuwa na miligramu 20. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Huyu wa kilo 12 alihitaji 36, yaani mililita 4 mshipani au 2 msulini, baada ya kukadiria kwa juu.

Kijana aliyeyusha vizuri, mikono ikitetemeka kidogo. Akavuta dawa, akasogeza sirinji.

"Mililita ngapi?"

"Mbili, sista."

"Salaini uliweka ngapi?"

"Tano."

Sista aliinua uso kwa mara ya kwanza. Hakupiga kelele. Alisema, "Ongeza mbili," akasubiri aongeze, akaipokea, akaichoma taratibu mwenyewe. Kijana alikuwa amechanganya ya mshipa akavuta ya msuli. Sindano ya kwanza kati ya tatu ambazo mtoto yule angepewa ndani ya saa 24 ingeingia ikiwa zaidi kidogo tu ya nusu.

Namba mbili aliitoa wapi? Kwenye desa. Aliyepiga picha jedwali la ukutani miaka kadhaa nyuma alikata upande mmoja, safu ya mshipa ikabaki nje ya picha. Vizazi vya wanafunzi vilikariri safu ya msuli wakidhani ndiyo jedwali zima, na katika mtihani wa kuandika swali lilikuwa la msuli.

Mtoto alipona. Ningeweza kumuua ili kisa kiogopeshe zaidi, na hadithi nyingi za mafunzo hufanya hivyo, lakini kwa kweli mara nyingi mgonjwa hupona kwa sababu kuna sista mtu mzima amesimama pembeni. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: kosa linazibwa, mwanafunzi anaendelea.

Yeye hakuendelea. Saa tano usiku, mtoto ameshatulia, sista aliomba kitabu chake. Kwenye mstari wa artesunate palikuwa na saini tano, zote za wodi za Kibaha, zote "amefanya mwenyewe", wino mmoja.

"Mwanangu, hii umeifanya mara tano?"

Alijibu kwa kutazama sakafu. Sista aliandika barua fupi kwenda chuoni. Kitabu kikafutwa, akatakiwa kurudia mizunguko yote ya wodini, na mwaka ukapotea. Nyumbani aliwaambia mtaala umebadilishwa. Mama Dokta alitangaza hivyo hivyo msibani na kisimani, mpaka binti wa jirani aliyesoma naye alipopeleka kadi za mahafali na jina la kijana halimo.

Mimi simtupii lawama zote. Sista mmoja kwenye wodi iliyojaa huletewa rundo la vitabu mwisho wa zamu, naye husaini ili aende nyumbani. Kila saini ya namna hiyo imefundisha mtu kwamba saini ni wino tu. Vyuo navyo, vinavyopokea wanafunzi wengi kuliko vitanda vya hospitali vinavyoweza kuwabeba, visijifanye havijui saini zinatoka wapi. Na sisi wa mitaani tunaomwita mtoto wa mwaka wa kwanza dokta tunamfunga mdomo kwa heshima.

Kwenye mahafali risala husomwa: chuo kimetufundisha kujitegemea, kujiamini, kuishi na watu wa kila aina. Ni maneno mazuri na yangefaa chuo chochote duniani. Ukitaka kusikia walichojifunza hasa, kaa nao usiku wanapofunga virago. Mmoja atakwambia alijifunza kushona jeraha baada ya kukosea mara ya saba, mwingine kwamba alianza kuelewa wodi siku alipoacha kumwogopa sista mkali na kumfuata nyuma kama mkia. Kijana wetu, mwaka aliorudia, alimwomba sista yuleyule amsimamie, na miezi ya mwanzo karibu kila mstari wa kitabu kipya ulisomeka "ameona". Wanafunzi wa mwaka wa nyuma yake walimcheka kwa upole wake.

Wenzake watatu wa geto, waliojaziana naye Jumapili ile, hawakuombwa vitabu na mtu yeyote. Walifaulu, wakasomewa risala, wakapata vyeti. Mmoja sasa yuko zahanati, zamu za usiku anakaa peke yake, na desa la artesunate analo bado kwenye simu.