Bei ya Kutouliza

Je, mnunuzi huwajibika kwa asichokijua? Na kama hakukijua kwa sababu hakutaka kukijua, ujinga wa namna hiyo ni udhuru, au ni sehemu ya kosa lenyewe? Swali hili ni kongwe, na wenye elimu wameliandikia vitabu vizito. Mimi nitalipima kwa kitu chepesi zaidi: baiskeli ya mtumba.

Katika miji niliyowahi kuiona, hapana uliolisogeza swali hili karibu na mfuko wangu kama Amsterdam. Uholanzi ni nchi ambayo baiskeli zake ni nyingi kuliko watu wake, na kila mwaka huopolewa maelfu kutoka katika mifereji ya mji huo. Huko hakimu hupanda baiskeli, mwanafunzi hupanda, na mama hupanda na watoto wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mgeni asiye nayo ni kama mtu wa kisiwani asiye na chombo: pwani anaiona, lakini safari si yake.

Nilikwenda huko mwaka 2006 kwa kazi ya tafsiri. Ndugu mmoja wa pwani yetu, aliyekwishalowea huko, alinipa nasaha yake ya kwanza: "Sheikh wangu, dukani usende. Nenda darajani usiku, utapata kwa yuro 20. Ila usiulize imetoka wapi." Kwa fundi, baiskeli nyeusi iliyokwishatumika, ile ambayo breki yake ni kuikanyaga pedali kinyume, ilikuwa yuro 110, na mnyororo wa kuifungia ulikuwa na bei yake mbali. Tofauti ya yuro 90 si ndogo kwa mtu anayeishi kwa kalamu. Nilinunua kwa fundi. Lakini hilo si la kujivunia, kwani fedha nilikuwa nazo. Lililonishughulisha, na linanishughulisha hadi leo, ni lile neno la mwisho la ndugu yangu: usiulize.

Neno hilo limebeba elimu. Mtu hamkatazi mwenziwe kuuliza ila awe analijua jibu. Asiyejua kweli huuliza bila ya hofu, kwa kuwa wahenga wamekwishamtoa aibu: kuuliza si ujinga. Basi anayenyamaza pale darajani si mjinga. Ni mjuzi aliyejivika kanzu ya ujinga. Zile yuro 20 hununua vitu viwili, baiskeli na kimya, na kwa hakika kimya ndicho kilicho ghali.

Sheria ya Uholanzi imelitazama jambo hili kwa jicho kali. Haimwadhibu yule tu aliyejua kwamba kitu kimeibwa. Humwadhibu pia aliyepaswa kushuku, kwa mazingira aliyoyaona, naye akanunua. Bei isiyo bei, saa isiyo saa ya biashara, muuzaji asiye na anwani: hivyo vyote ni mashahidi. Kwa upande wa pili, raia aliyenunua kwa nia njema katika duka la muuzaji wa vitu hivyo hulindwa, hata kama baadaye itadhihirika kwamba baiskeli iliibwa. Ilhali aliyenunua njiani anaweza kudaiwa na mwenyewe hadi miaka mitatu tangu wizi. Hekima ya sheria hiyo, kwa nionavyo, ni kwamba mwanadamu hatakiwi kujua kila kitu. Anatakiwa asiufumbe mlango ambao ujuzi ungepitia.

Hata hivyo, zipo hoja za upande wa pili, na si haki kuzipita kwa dharau. Ya kwanza husema kwamba baiskeli katika mji ule ni kama maji ya mto: huibiwa kwangu leo, nikanunua ya mwingine kesho, na mwishowe zote ni za wote. Hoja hii inapendeza mpaka tukumbuke kisa cha mwaka 1965. Vijana wa kundi lililoitwa Provo walipendekeza baiskeli zipakwe rangi nyeupe, ziachwe bila ya kufuli, atumie anayetaka. Walianza na chache, na polisi wakazichukua, kwa kuwa hazikufungwa. Vijana wale walishindwa, lakini waliacha somo: kitu huwa cha wote kwa kutolewa na mwenyewe, si kwa kuchukuliwa na mwingine.

Hoja ya pili husema kwamba aliyeibiwa atasahau. Katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Ujerumani lililoikalia Uholanzi lilinyang'anya baiskeli nyingi za raia. Miongo mingi baadaye, Waholanzi waliozaliwa baada ya vita walikuwa bado wakiwatania Wajerumani katika mechi za mpira kwa kudai baiskeli ya babu yao. Ni mzaha, naam. Lakini mzaha hauishi miaka yote hiyo pasipo na kidonda chini yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Muuzaji wa darajani aghalabu alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya, mwenye njaa na baridi. Je, yuro 20 si sadaka kwake? Jibu langu ni hili: anayetaka kumpa, na ampe. Sadaka haidai baiskeli. Nikimpa yuro 20 nikaondoka na mali ya mtu wa tatu, nimefanya ukarimu kwa mfuko wa asiyekuwapo.

Na huyo asiyekuwapo ndiye kiini cha suala zima. Mgeni anayeendesha baiskeli katika mji asioujua anaishi kwa uaminifu wa watu asiowaona. Nilijifunza kuzivuka reli za tramu kwa kukata mshazari ili tairi lisinaswe, kunyoosha mkono kabla ya kupinda, na kumpisha anayetokea kulia. Nilipanda kivuko cha bure nyuma ya stesheni kuu hadi ng'ambo ya kaskazini, katikati ya mamia ya watu na baiskeli zao, na hapana aliyeniuliza mimi ni nani. Hata zile njia hazikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani Uholanzi, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Wazazi na wanaharakati wakaingia mitaani chini ya jina la Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto. Na shida ya mafuta ya mwaka 1973, iliyoleta Jumapili zisizo na magari, ikawaonyesha wote jinsi mji unavyoweza kupumua. Kila anayepita njia zile anapita juu ya haki iliyodaiwa na wengine. Atapitaje, basi, juu ya haki ya umma huku ameikalia haki ya mtu mmoja?

Nasi visiwani tusijitoe. Baiskeli, simu na redio za mtumba hutufikia kila siku, na mtumba si aibu. Mfasiri nami ni mtu wa mtumba, nachukua neno lililokwishavaliwa na mwingine nikalipeleka kwa watu wapya. Lakini hulitaja jina la mwenyewe. Kitu kinaweza kupita mikono kumi kikabaki safi, maadamu kila mkono unaweza kuutaja mkono uliotangulia. Simu inapouzwa kichochoroni kwa robo ya bei, na mnunuzi akaingia mbio kuichomoa laini iliyomo, mnyororo huo umekatika, na aliyeukata ni wawili.

Leo Mholanzi anaweza kuiingiza namba ya fremu katika daftari la wizi la mamlaka ya usajili wa magari, akajua papo hapo kama baiskeli imeripotiwa kuibiwa. Chombo hicho ni kizuri, lakini hakiongezi wajibu wowote mpya. Kimepunguza visingizio tu. Wajibu ulikuwapo tangu zamani, na gharama yake ni maneno matatu ambayo kila lugha inayo: imetoka wapi hii?