Mwenye Ugunduzi ni Nani?

Mtu akiona kitu kipya na dunia isimsikie, je, amekigundua? Swali hili laonekana jepesi mpaka lipimwe kwa kisa cha kweli, na kisa cha mirija ya kaboni chafaa kwa kipimo hicho. Mirija hiyo ni midogo ajabu: iliyo myembamba ina upana wa karibu nanomita 1, yaani sehemu moja katika milioni ya milimita. Baadhi yake hupitisha umeme kama metali na baadhi kama silikoni. Kwa hiyo wako wataalamu wanaotumaini kuitumia katika kompyuta.

Mwaka 1991 Sumio Iijima, mtaalamu wa kampuni ya NEC nchini Japani, alichungua kwa hadubini ya elektroni kaboni iliyotokana na moto wa umeme, akaona humo mirija iliyovikana, mmoja ndani ya mwingine. Akaeleza kwa makini jinsi atomu zake zilivyopangika. Makala yake yalisomwa pande zote za dunia, na jina lake likashikamana na mirija ile kama jina la mzazi na mwana.

Lakini tangu mwaka 1952 wataalamu wawili wa Urusi ya Kisovieti, Radushkevich na Lukyanovich, walikuwa wamekwisha kuchapisha picha za mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita 50 hivi. Waliandika kwa Kirusi, zama ambazo Mashariki na Magharibi zilipeana visogo. Mwaka 1976 Oberlin wa Ufaransa, pamoja na Endo na Koyama wa Japani, walitoa picha nyingine.

Wako wasemao kuwa haki ni ya aliyetangulia kuona. Wengine husema ni ya aliyewafumbua wenziwe macho. Kila upande una hoja, na kila upande hupunguza jambo. Iijima hakumwibia mtu. Alichokiona alikiona mwenyewe, na alikieleza kuliko waliomtangulia. Basi hapa hakuna mwizi, lakini yuko aliyepotelewa. Dhuluma isiyo na mdhalimu ni ngumu kuliko zote kuhukumu, maana hakuna wa kushtakiwa. Deni, kama lipo, ni la wasomaji: wale walioweza kujifunza lugha ya jirani wasijifunze, wakadhani kisichoandikwa kwa lugha yao hakijaandikwa. Mwanachuoni yeyote wa lugha isiyosomwa na wenye nguvu aujua uchungu huo bila kuelezwa.

Kazi haikungoja hukumu. Mwaka 1998 wataalamu wa Delft, Uholanzi, na wa kampuni ya IBM, Marekani, walitengeneza transista za mirija hiyo; mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Stanford kikatoa kompyuta ndogo yenye transista 178, na mwaka 2019 wataalamu wa MIT wakaunda nyingine yenye zaidi ya 14,000. Ushirika huo ni wa mataifa mengi, na wengi wa washirika hawakupata kujuana.

Mwaka 2006 Monthioux, wa Ufaransa, na Kuznetsov, wa Urusi, waliuliza pamoja katika jarida la Carbon ni nani astahiliye sifa, wakawakumbusha wasomaji picha za 1952. Miaka 54 ilikuwa imepita. Waliandika kwa Kiingereza.