Kicheko na Jina Baya

Hapa Shinyanga mwanafunzi wangu alikuja chuoni na Sani chakavu, lile gazeti la katuni la miaka ya 1980. Saidi Bawji na Nico ye Mbajo walilipa jina kwa mianzo ya majina yao. Nililichukua kwa hasira. Nikamkuta Ndumilakuwili, nikamkuta Lodi Lofa, nikacheka.

Siku ya pili nikawasikia vijana wakimwita mwenzao "Lofa", kwa kuwa babake amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita mikono mitupu. Kijana akainama. Nami nikanyamaza.

Je, kosa ni la katuni? La. Lodi Lofa hana moyo wa kuumia. Ni kioo, kila mtu ajitazame humo. Kijana yule anao moyo. Katika Suratul Hujurat Mwenyezi Mungu ametukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, kwani huenda anayechekwa ni bora kuliko anayecheka.

Gazeti nikamrudishia mwenyewe. Jina lile nikalikataza chuoni, na kwanza nikamtaka radhi kijana, kwa kunyamaza kwangu.